Mashuka Katikati ya Uwanja

Kama hujawahi kugusa shuka la Mama Pasi likiwa kambani, basi shukuru, masikio yako bado ni mazima. Mtaa mzima ulilijua jambo hilo. Watoto mpira wao ukiangukia uani kwake siku ya kuanika, waliuacha hukohuko mpaka jioni. Hata kaka yake mkubwa, dereva wa malori aliyestaafu, mtu aliyevuka mipaka na mizigo mikubwa bila kumtetemekea askari yeyote, alikuwa akiingia uani mwa dada yake ubavu ubavu, mikono ameifunga nyuma.

"Sigusi," alikuwa akisema kabla hata ya salamu.

"Na usiyapumulie pia," Mama Pasi alikuwa akijibu, halafu ndipo amwamkie kaka yake kwa heshima zote.

Usimwone mkali bure. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi mashuka ya hospitali, na si kwa pasi hii ya mkononi ya kupigia shati la harusi. Ni mashine ndefu yenye rola za moto. Mmoja anasimama huku, mwenzake kule, mnashika pembe za shuka bichi, mnalivuta likae sawa, mnalilisha kwenye rola, nalo linatokea upande wa pili limenyooka na kufuka mvuke. Vidole vyake vilizoea moto mpaka nyumbani akawa anaepua sufuria kwa mikono mitupu, na wewe unayemtazama ndiye unayeungua. Alikuwa na usemi wake mmoja kuhusu kazi hiyo. "Mgonjwa anaweza kukosa usingizi, anaweza kukosa mtu wa kumtazama," alisema. "Shuka lenye mkunjo mgongoni asilipate kwangu."

Mumewe aliitwa Fundi Geti. Nusu ya mageti ya mtaa ule aliyachomelea yeye, na madirisha pia, na hata magoli ya chuma ya uwanja wa shule. Moshi wa miaka mingi katika karakana isiyo na dirisha, ajabu ya mtu mwenye kutengeneza madirisha ya wenzake, ulimwachia kifua kibovu. Kikohozi chake kilikuwa kikimtangulia nyumbani, mkewe akikisikia kwenye kona anaweka chai mezani. Alikuwa mbishi wa kuzaliwa. Ukimwambia leo kuna joto atakuuliza unalinganisha na wapi.

Na kila alasiri, jua likishapoa, yeye na shemeji yake Dereva walicheza drafti. Miaka na miaka, ubao uleule, kete zilezile za vizibo vya soda, matusi yaleyale. Mama Pasi akirudi kazini alikuwa akiwakuta barazani wanatukanana kwa mapenzi, na hapo moyo wake ulikuwa unatulia. Mume wake na kaka yake wa tumbo moja, kaka aliyembeba mgongoni akiwa mdogo. Watu wake wote wawili wameketi kwenye benchi moja, anawaona kwa mpigo mmoja.

Basi ugonjwa ukaingia.

Ilitoka amri watu wakae ndani. Shule zikafungwa, vinyozi wakafunga, hata baraza za watu zikabaki tupu. Kisichofungwa ni chumba cha kufulia cha hospitali. Kule kazi iliongezeka maradufu, mashuka yakawa yanashushwa katika mifuko myekundu, yanachemshwa peke yake. Mama Pasi hakulia wala hakulalamika. Alijikaza kisabuni, akahamishia godoro lake sebuleni, akatundika pazia zito kwenye mlango wa chumba cha kulala, akamweka mume wake nyuma ya pazia hilo. Yeye mwenyewe akitoka kazini aliingia kwa mlango wa nyuma, nguo kwenye ndoo ya maji ya sabuni, akaoga, ndipo akasalimia kwa mbali, barakoa usoni.

"Na hata getini hutoki," alimwambia. "Mapafu yako hayana spea."

"Hata lori la shemeji halikuwa na spea, na lilikuwa linakwenda," Fundi alijibu.

"Lilikuwa linasukumwa!"

Mwanzoni walicheka. Walipiga soga kupitia pazia, yeye huku kwenye godoro lake, mume kule kitandani. Lakini siku zilivyozidi kwenda, utani ulimwishia mzee. Akawa anaketi dirishani tangu asubuhi, nyuma ya nondo alizozichomelea mwenyewe ujanani, zenye maua ya chuma aliyokuwa akijivunia kwa kila mgeni.

"Maua haya yalikuwa mazuri nilipokuwa upande wa nje," alisema siku moja.

Akaacha kunyoa ndevu. Chai ikawa inapoa mezani. Na kubwa kuliko yote, akaanza kusema "sawa". Mke akimwambia vaa sweta, sawa. Akimwambia leo hakuna sukari, sawa. Akamjaribu kwa makusudi, akamwambia lile geti la jirani limepinda, tena limepinda tangu siku lilipofungwa. Fundi Geti akatazama nje kidogo, akasema, "Sawa." Afadhali angemtukana.

Jioni ile Dereva akampigia simu dada yake.

"Mdogo wangu, shemeji ana nini? Jana nimemtukana kwenye simu mpaka nikaishiwa matusi, hajanijibu hata moja. Leo hapokei kabisa."

"Amechoka, kaka."

"Amechoka na nini, na amekaa?" Kisha akashusha sauti. "Sikiliza. Wamesema sasa ruksa mtu kutoka kujinyoosha, mradi ni mahali pa wazi na watu wasisogeleane. Uwanja wa shule uko mtupu. Mlete tucheze drafti."

"Umerukwa na akili?"

"Kila mtu na ubao wake, kila mtu na kiti chake, mbali. Tunaitana namba kwa sauti."

"Kaka, lala salama," alisema Mama Pasi, akakata simu. Lakini yeye mwenyewe hakulala vizuri.

Kesho yake alimngojea muuguzi mmoja mrefu wa wodi ya juu, aliyekuwa akishuka kuchukua mashuka. Akamweleza yote bila kuficha: kifua, dirisha, na hizo "sawa".

Muuguzi alifikiri kwanza. "Mama, mahali pa wazi penye upepo, watu wakiwa mbalimbali na barakoa zao, kwa muda mfupi, hatari ni ndogo. Ninachokiogopa mimi ni chumba kilichofungwa, watu wamebanana, wanaongea. Lakini nikikuambia hakuna hatari kabisa, nitakuwa nimekudanganya. Na kwa kifua hicho..."

"Sasa nifanyeje?"

"Hapo siwezi kukuamulia," alisema, tena kwa huruma. "Hapo ni wewe na mzee."

Siku nzima Mama Pasi alilisha mashuka kwenye rola na huku akipima. Akimtoa, akaugua, atajilaumu mpaka kaburini. Asipomtoa, atakuja kumkuta siku moja pale dirishani amekwisha kama mshumaa, bila homa wala kikohozi. Halafu likamjia lingine, ambalo alikuwa akilikwepa tangu mwanzo: nje kuna upepo tu, na ndani kuna nani? Ndani kuna yeye, anayetoka kila siku kwenye mifuko myekundu. Mwenzake wa upande wa pili wa mashine akamwuliza mbona leo shuka limekwenda upande. Haijawahi kutokea.

Akapiga moyo konde. Lakini Mama Pasi ni Mama Pasi. Hakukubali kuwaachia wanaume wale wapime umbali kwa macho yao. Aliwajua. Wataanza mbali, kisha kiti kitasogea kidogo, kisha kingine, mwisho watakuwa wamegusana magoti wanabishana. Kamba tupu wataivuka. Chaki wataikanyaga. Akafikiri kitu gani duniani ambacho wanaume wale wawili hawatathubutu kukivuka, na jibu lilikuwa limekunjwa kabatini mwake.

Siku ya siku, asubuhi, alimtoa mumewe uani, akamketisha kwenye kiti, akavaa barakoa mbili, akasimama nyuma yake na wembe. Tangu ugonjwa uingie hakuwa amemgusa. Alimnyoa taratibu, akimshika kidevu kwa vidole vile vilivyozoea moto, na mzee akafumba macho.

"Mkono wako umekuwa mwepesi," Fundi alisema.

"Nyamaza, nitakukata."

"Nikate tu," alisema. Mama Pasi akamfuta povu na kumaliza kazi haraka, maana macho yake yalikuwa hayaoni vizuri.

Alitangulia uwanjani. Kamba ya kwanza aliifunga kwenye nguzo mbili za goli, magoli yale yale ya mumewe. Ya pili aliifunga mbali kidogo, kwenye nguzo za mpira wa wavu. Akaanika mashuka meupe kambani huku na kule, mashuka yake mwenyewe ya nyumbani, safi, yamenyooka, katikati ukabaki ujia mpana ambamo yeye peke yake angepita. Kiti cha mume upande huu, mbali na shuka. Kiti cha kaka upande ule, mbali na shuka. Fundi Geti akafika polepole na ubao wake kwapani, akatazama kazi ile, akatikisa kichwa.

"Hii si drafti, hii ni wodi," alisema. Mama Pasi nusura apige vigelegele, kwa sababu ule ulikuwa ubishi.

Kisha akaja Dereva. Lo! Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, na kidevu kinameta kama sahani iliyooshwa. Mama Pasi alimtazama kidevu kutoka kwenye ujia wake.

"Kaka, umenyolewa wapi?"

"Kwa kinyozi wangu."

"Vinyozi si wamefunga?"

"Wamefunga mlango wa mbele," alisema Dereva kwa fahari na sauti ya chini. "Wanaotujua tunaingia kwa nyuma. Juzi tulikuwa wengi mle, tunangojea zamu, tumecheka mpaka basi. Pazia limeshushwa, hakuna mtu anayeona. Sasa ulitaka nije kukutana na shemeji baada ya siku zote hizi nikiwa na manyoya?"

Chumba kilichofungwa, watu wamebanana, wanaongea. Maneno ya muuguzi yalimrudia yote. Alisimama kati ya mashuka yake, upande mmoja kaka, upande wa pili mume aliyekwisha kuketi na kupanga kete zake, akipangusa kila moja kwa shati na kupiga mluzi chini ya barakoa. Mluzi! Angeweza kusema, jamani, turudi nyumbani. Neno lilifika kooni. Badala yake alimwambia kaka yake arudishe kiti nyuma hatua nyingi zaidi na apandishe barakoa mpaka machoni, akarudisha na cha mumewe pia. Akaliacha neno lile likarudi tumboni, na huko likakaa.

Mchezo ukaanza. Kila mmoja alikuwa ameandika namba kwa chaki kwenye nyumba za ubao wake, kama walivyokubaliana kwenye simu, mstari wa kwanza upande wa Fundi, kuhesabu kuanzia kushoto. Mmoja anapaza sauti, "Kumi kwenda kumi na nne!" mwingine anaihamisha kete ile kwenye ubao wake. Sauti ziliruka juu ya mashuka, upepo ukiyapuliza taratibu, na jua la asubuhi lilikuwa zuri mno. Mama Pasi aliketi kwenye kigoda chake akasikiliza matusi yakipita kichwani mwake huku na huku, na mashavu yakamuuma kwa kutabasamu.

Sasa sikia walichofanya watu wale. Baada ya muda kidogo, Fundi aliitiwa hatua isiyowezekana. Kete ile isingeweza kwenda pale. Siku nyingine angepiga kelele. Lakini akafikiri moyoni: masikini shemeji, kukaa ndani kumemla akili. Kwa huruma, bila kusema neno, akaisogeza kete kwenye nyumba ya karibu iliyofaa, akaendelea. Upande wa pili, Dereva naye aliitiwa hatua ya ajabu, akaguna: maskini, kifua kimepanda kichwani. Naye akamrekebishia kimya kimya. Wakaenda hivyo, kila mtu akimsitiri mwenzake, kila mtu akimhurumia mwenzake, na kwa kuwa huruma yao haikuwa ya kupita kiasi, kila rekebisho lilimfaa kidogo yule aliyelifanya.

"Kingi!" alipiga kelele Fundi.

"Kingi gani? Mimi ndiye mwenye kingi, tena wawili!"

"Wapi? Umebakiwa na kete tatu!"

"Wewe ndiye uliyebakiwa na tatu! Nimekumaliza!"

"Nimekumaliza mimi!"

Viti vikaanguka. Wazee wawili wakaja mbio, mmoja akikohoa, mwingine akivuta mguu, barakoa zimeshuka videvuni, vidole mbele, wakitafutana uso kwa uso. Mama Pasi aliruka kutoka kwenye kigoda, mikono ameitanua kama mlinda mlango, na roho yake ikapaa. Hakuwa na mikono ya kufika pande zote mbili.

Wakafika kwenye mashuka. Wakasimama.

Wallahi, walisimama kama waliogonga ukuta. Fundi alikuwa na kidole hewani, shuka liko mbele ya pua yake linapepea, na kidole kile kikarudi polepole nyuma ya mgongo. Upande wa pili Dereva tayari alikuwa ameshafunga mikono nyuma.

"Sigusi!" alisema kwa mazoea.

Mama Pasi alicheka mpaka akaketi chini katikati ya ujia, akashika mbavu. Alipopata pumzi aliwaamuru warudi nyuma na kupandisha barakoa, akaenda kutazama ubao mmoja, akaenda kutazama wa pili. Michezo miwili tofauti kabisa. Kila mmoja alikuwa amehesabu kuanzia kushoto kwake yeye, na walikuwa wametazamana.

Na hapo ndipo palipoharibika. Badala ya kucheka, wakaanza kubishana kushoto kwa kweli ni kupi.

"Kushoto ni kwangu, mimi ndiye mwenye mstari wa kwanza!"

"Umeendesha gari wapi wewe hata ukajua kushoto?"

"Na wewe unayejua, mbona lori lilikuwa linaingia mitaroni?"

Hilo la mitaroni lilimwingia Dereva vibaya. Alibeba kiti chake, akabeba ubao, akasema kwa sauti iliyokauka, "Basi cheza peke yako na kushoto kwako." Akaondoka bila kuaga. Fundi akamgeuzia mgongo. Walikuwa wamenuniana kama watoto, na Mama Pasi alianua mashuka yake akijisemea moyoni kwamba keshokutwa watakuwa wamesahau. Usiku ule mumewe alikula sahani mbili na kulalamika chumvi imezidi.

Keshokutwa yake Dereva alikuwa na homa.

Alipiga simu mwenyewe, anahema. "Mdogo wangu, nadhani kinyozi alininyoa na mapafu," alisema, akajaribu kucheka, akashindwa. Gari la hospitali lilimchukua siku iliyofuata. Akapandishwa kwenye ile wodi ya juu isiyoingiwa na ndugu.

Nani atamweleza mtu hali ya nyumba ile? Mama Pasi alimtegea mumewe sikio mchana na usiku. Kikohozi chake alikijua, lakini sasa kila alipokohoa alijiuliza, hiki ni kile cha zamani au ni kipya? Alimpima joto kwa kuingiza mkono tu chini ya pazia na kushika kifundo cha mkono wake. Siku zikapita, mzee hakupata homa. Yakapita majuma, hana homa. Uwanja, upepo, umbali na mashuka vilikuwa vimemkinga. Lakini kaka yake alikuwa juu, anapumulia mpira wa oksijeni.

Jioni moja alishindwa. Akaketi kwenye godoro lake, akashika tama, akalia kwa sauti.

"Unalia nini?" Fundi aliuliza nyuma ya pazia.

"Nilijua. Aliniambia habari za kinyozi, nikajua, nikanyamaza. Ningeweza kukuua siku ile."

Kitanda kikalia, hatua zikaja mpaka kwenye pazia.

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Ulikuwa unapiga mluzi."

Mzee alikaa sakafuni upande wake wa pazia. Alisikika akishuka polepole. "Sikiliza, mke wangu. Wewe unatoka kwenye mifuko ile kila siku, unarudi unalala hapo. Je, nimewahi kukuambia usirudi? Hatari yangu kubwa nilishaioa zamani, na sijajuta hata siku moja." Akakohoa kile kikohozi cha zamani. "Kinachonikaa hapa si uwanja. Ni lile neno la mitaroni. Neno la mwisho nililomwambia shemeji ni mitaro."

Mama Pasi alipeleka mkono chini ya pazia, na mkono wa mumewe ulikuwa tayari upo pale.

Kazini hakuruhusiwa kupanda juu, na hakuomba. Aliulizia tu mashuka ya wodi ile yanapita saa ngapi. Hakujua ni lipi lingekwenda kwenye kitanda cha kaka yake, maana mashuka ya hospitali hayana mwenyewe, kwa hiyo aliyapiga yote kama la kaka yake. Mwenzake akilipeleka shuka haraka, alimwambia, "Polepole, tafadhali." Lenye mkunjo hata mdogo alilirudisha. Wagonjwa wote wa juu walilalia mashuka laini siku zile bila kujua kwa nini.

Ndipo asubuhi moja yule muuguzi mrefu alishuka, akasimama mlangoni akiwa na sura ya mtu asiyejielewa.

"Mama, kaka yako leo ameongea. Ametoa mpira mdomoni, nikamgombeza, akasema lazima nikuletee ujumbe. Sijui kama akili imerudi yote." Akakuna kichwa. "Amesema: mwambie shemeji naanza mimi, tisa kwenda kumi na tatu."

Mama Pasi alishika ukingo wa mashine, pale penye moto kabisa, na hakusikia kitu.

Nyumbani alimsubiri mumewe afungue pazia kidogo, akamwambia maneno yale kama yalivyo. Fundi Geti akatazama ubao wake mezani, ukiwa na namba zake za chaki. Alichukua kitambaa, akakilowesha, akafuta namba zote, moja moja, mpaka ubao ukawa mtupu. Akaizunguka meza, akaketi upande wa pili, akahesabu upya kuanzia mstari wa shemeji yake, kushoto kwa shemeji yake, akaandika. Mtu ambaye hajawahi kukubali kwamba kuna joto. Kisha akaihamisha kete, tisa kwenda kumi na tatu, na ilikwenda vizuri kabisa.

"Mwambie nimehamisha," alisema. "Na mwambie kushoto ni kwake."

Walicheza hivyo, hatua moja kwa siku, muuguzi akipanda nayo na kushuka nayo pamoja na mashuka, mpaka mwisho wodi nzima ikawa inaulizia nani anashinda.

Siku Dereva alipopata nafuu na kuruhusiwa kutoka nje kidogo, Mama Pasi alifunga tena kamba zake uwanjani, akaanika. Fundi aliketi upande wake tangu mapema, ameshika ubao magotini, hapigi mluzi, anatazama tu njia. Dereva akaja. Alikuwa amekonda mpaka shati likawa la mtu mwingine, ana fimbo, na ndevu zimejaa uso mzima. Hakuna kinyozi tena. Akatembea, akapumzika, akatembea. Alipofika karibu na kamba, ulimi wake ukafuata mazoea.

"Sigu..."

Goti likamwisha nguvu. Fimbo ikaanguka, akayumba, na kwa mikono yote miwili, yenye vumbi la njia nzima, akalikamata shuka la dada yake, akaning'inia. Likakunjamana lote mikononi mwake. Kamba ikashuka, lakini nguzo za goli la Fundi Geti hazikutikisika.

Upande wa pili Fundi akasimama. Dereva mwenyewe aliinua macho, akaona anachokishika, na ungedhani hilo lilimtisha kuliko ugonjwa. Akaanza kufungua vidole.

"Shika, kaka," alisema Mama Pasi, na machozi yalikuwa yameshaingia ndani ya barakoa. "Shika hivyohivyo. Nitafua."